RX 580 kwenye Dell ya zamani: anza na pawa saplai

Mkuu, umeuliza kama kompyuta yako ya Dell OptiPlex 9020, ile ya kusimama yenye prosesa ya i5 ya kizazi cha nne, itabeba RX 580, kadi ya picha (graphics card) uliyoipata hapa Dodoma. Tafadhali usilipe bado. Fungua mfuniko wa pembeni usome lebo ya pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta: kama ni ya kiwandani, utakuta wati 290. RX 580 peke yake inakula wati 185 hivi, na inataka waya wa pini 8 ambao hiyo pawa saplai haina. Kuibadilisha nako kuna usumbufu, maana mazabodi (bodi kuu) ya Dell hiyo inatumia plagi ya pini 8, si 24 kama za kawaida, hivyo utahitaji adapta.

Mimi ningetafuta kadi nyingine, GTX 1650 yenye memori ya GB 4, ila hakikisha ni ile isiyo na tundu la waya wa umeme juu yake. Inakula wati 75, na zote inazipata kwenye sloti ya PCIe, yaani pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi. Kadi ya RX 6400 iache. Inatumia njia 4 tu za data za PCIe, na kwenye PCIe 3.0 yako, ambayo ni toleo la zamani, kasi inapungua.

Halafu vumbi letu hili! Ya kwangu, huku Nkuhungu, niliifungua kiangazi nikakuta mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kupoozea prosesa, yamezibwa na vumbi kama blanketi. Tumia brashi laini ya rangi, na ushikilie feni isizunguke unapopiga brashi.