Meli husimamaje kando ya boya bila kutia nanga?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nasoma uhandisi wa meli, mwaka wa pili. Nimesoma kwamba Granuaile, meli ya Ireland inayohudumia maboya na minara ya taa, husimama palepale baharini bila kutia nanga. Inawezekanaje? Na kwa nini rafadha, yaani propela, zizungushwe na mota za umeme, ilhali umeme wenyewe unatoka kwenye injini za dizeli?

JIBU: Marahaba. Umechagua meli nzuri ya kujifunzia. Ilijengwa Galați, Romania, ikaanza kazi mwaka 2000, na ina urefu wa karibu mita 80. Jina lake ni la Gráinne Mhaol, au Grace O'Malley, mwanamke wa Mayo, magharibi mwa Ireland, wa karne ya 16 aliyeongoza merikebu za ukoo wake, na mwaka 1593 akasafiri hadi Greenwich, Uingereza, kuonana uso kwa uso na Malkia Elizabeth I. Mwaka 2017, helikopta ya uokoaji ilipogonga kisiwa cha Blackrock na kuanguka, pwani ya Mayo hiyohiyo, Granuaile ilikwenda kushiriki katika utafutaji.

Tuanze na nanga. Meli iliyotia nanga haijasimama. Inazunguka nanga yake kila mkondo na upepo vinapogeuka, na mnyororo wake umelala chini, jirani na mnyororo wa boya unalotaka kuinua. Vikisokotana, siku nzima imepotea. Tena, ukirudisha boya, jiwe lake la kulizuia lazima liangukie pale ramani inaposema, kwa sababu kuna nahodha atakayeliamini usiku.

Kwa hiyo meli hushikiliwa na kompyuta. Setilaiti zinaieleza ilipo, dira ya jairo, isiyotumia sumaku, inaieleza omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, imeelekea wapi, na kipimaupepo kinaieleza upepo. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa hiyo soma polepole. Kompyuta haingoji upepo uisukume meli ndipo irekebishe. Inajua umbo la meli juu ya maji, hivyo upepo ukiongezeka inakadiria nguvu yake na kuikabili mara moja. Mkondo haiupimi. Nguvu yoyote inayobaki bila maelezo, baada ya kuondoa upepo na msukumo wa rafadha, inahesabiwa kuwa ni mkondo. Ndiyo maana mfumo ukiwashwa huachiwa muda ujifunze kabla kazi haijaanza.

Amri zinakwenda kwa rafadha mbili za nyuma zinazoweza kugeuka pande zote, na kwa rafadha ya kusukuma pembeni iliyo omo. Zinatawala mambo matatu tu: kwenda mbele na nyuma, kwenda kando, na kugeuka. Kupanda na kushuka kwa wimbi hakuna kompyuta inayokuzuia. Wimbi likiwa kubwa, boya la tani kadhaa linaning'inia kwenye kreni juu ya vichwa vya watu, na kazi husitishwa.

Sasa umeme. Kusimama palepale kunadai nguvu inayobadilika kila sekunde: kidogo sasa, nyingi punde, kisha kinyume. Injini ya dizeli iliyofungwa moja kwa moja kwenye rafadha haiupendi mwendo huo, na ikifanya kazi kwa mzigo mdogo saa nyingi hujaa masizi. Jenereta huzunguka kwa kasi isiyobadilika, mota hubeba mabadiliko, nawe unawasha jenereta nyingi au chache kulingana na mzigo. Kreni nayo inakula umeme uleule.

Jambo moja usilisahau utakapofika kazini. Mfumo huu wa kuishikilia meli kwa kompyuta huitwa DP (dynamic positioning), na wa Granuaile ni wa daraja la kwanza, DP1, maana yake hitilafu moja inaweza kuiacha meli ikielea ovyo. Kwenye meli ya namna hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasha mfumo, jiulize: umeme ukikatika sasa hivi, upepo na mkondo vitanipeleka wapi? Jibu likiwa ni mwambani, hamia upande wa pili wa boya.