Maswali ya maneno kwa aljebra: kwa mnaoanza kufunza tuisheni

Nyinyi mnaoanza kufunza hesabu huku Kisauni, Likoni, popote pale Mombasa, mtoto akikwama kwa swali la maneno msikimbilie kumwandikia ikwesheni. Mpe 5h + 250 = 400 atakupa h saa hiyo hiyo, shida yake iko nyuma ya hapo, kuitoa hiyo ikwesheni kwenye hadithi.

Kinachowaharibu sana ni kukaririshwa ati ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "pungufu" toa. Hebu wape hili: Ali ana shilingi 100, ambazo ni 40 zaidi ya za Fatuma, Fatuma ana ngapi? Wengi watakimbilia 140 na jibu ni 60. Mimi kwangu kalamu chini kwanza, mtoto anisimulie swali kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, nani ana nyingi nani ana chache, manake mtihani unakuja kwa Kizungu na mara nyingine amepotea kwa kusoma tu, hesabu hata haijaanza.

Halafu abahatishe. Ndio, abahatishe! Mama anauza mahamri shilingi 10 na bajia shilingi 5, ameuza vipande 50 akapata 400, mahamri yalikuwa mangapi? Mtoto aseme 20, sawa, sasa aandike bila kupiga hesabu: 20 × 10 + (50 − 20) × 5. Akipiga anapata 350, haijafika, lakini usifute kitu, mwambie kila penye 20 aweke h na mwisho aweke 400. Ikwesheni ndio hiyo, na ameitengeneza mwenyewe. h inatoka 30. Hapa ndipo mkae sana, siku nyingi kama inabidi, msione mnachelewa.

Na mwangalie sana herufi. h ni idadi ya mahamri, si hamri lenyewe. Mwambie barabarani kwa kila tuktuk 6 kuna matatu moja uone, ataandika 6t = m kwa sababu anafuata maneno yalivyopangwa. Hata wanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu Marekani walipopewa swali la aina hii, utafiti uliotoka 1981, zaidi ya theluthi walikosea, kwa hivyo msimwite mtoto mjinga jamani. Mwambie matatu ziwe 10, tuktuk ziwe 60, aziweke kwa ikwesheni yake, ataona mwenyewe 360 haiwezi kuwa 10, atageuza t = 6m.

Kitu kingine, al-Khwarizmi, mtaalamu wa hesabu wa Baghdad, aliandika aljebra yake karne ya 9 yote kwa maneno, bila x, na maswali ya mirathi kibao ndani. Waambieni watoto hilo, wengi hawajawahi kulisikia.

Akipata jibu alirudishe kwenye hadithi, asiliishie kwenye ikwesheni, manake ikwesheni ikiwa mbovu jibu litaikubali tu. Mahamri 30 ni shilingi 300, bajia 20 ni 100, mama ana 400 yake.