Maswali yenu juu ya Barbara Hepworth: tundu, gogo na shaba

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu mtu mmoja: Barbara Hepworth, mchongaji wa Uingereza aliyezaliwa Wakefield, Yorkshire, mwaka 1903, akafariki St Ives, Cornwall, mwaka 1975 katika moto uliowaka kwenye karakana yake. Kwa kuwa wengi mlioandika mnashika patasi wenyewe, tumejibu kwa lugha ya karakana.

Nimesikia kuna sanamu yake New York inayogusa mambo ya huku Katanga. Ni kweli? (Msomaji wa Kamalondo)

Kweli kabisa, ndugu. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Alikuwa safarini kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, ili mapigano ya Katanga yasimame. Yeye na Hepworth walikuwa marafiki, na alikuwa na kazi moja ya mchongaji huyo, ya mti wa msandali. Hepworth alimwombolezea kwa mikono: akatengeneza Single Form, sanamu ya bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati) ya mita 6.4 iliyozinduliwa Juni 1964 mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Haina uso wala mkono. Ni bapa moja kubwa lililosimama, na kuelekea juu lina tundu la mviringo ambalo anga linaonekana ndani yake. Mtu wa Lubumbashi akitaka kumjua Hepworth, aanzie hapo. Na watoto wetu wanapofundishwa habari za mwaka 1961, waonyeshwe na picha ya sanamu hii.

Ninachonga malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba. Nikitoboa tundu kubwa, upande wa pili unabanduka. Yeye alifanyaje? (Fundi wa Katuba)

Baba fundi, hilo ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, maana tundu ndilo lililobadilisha kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alichonga Pierced Form, jiwe laini la alabasta la rangi ya waridi, akalitoboa katikati. Kazi hiyo iliangamia wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini tangu hapo nafasi tupu ikawa sehemu ya sanamu sawa na jiwe lenyewe. Alikuwa akichonga moja kwa moja, bila kufinyanga udongo kwanza ili mafundi wengine wauige. Kuchonga marumaru alijifunza Italia, kwa fundi Giovanni Ardini.

Upande wa pili unabanduka kwa sababu patasi inasukuma mbele, na jiwe lililobaki huko nyuma limekuwa jembamba bila kitu cha kuliegemeza. Dawa ni kutoboa kutoka pande zote mbili na kukutana katikati. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, malakiti ina 3.5 hadi 4, si mbali na marumaru yenye 3, kwa hiyo ugumu si tatizo. Tatizo ni ile mistari mizuri ya kijani: ni matabaka, na nyundo huyatenganisha. Nyundo ikae mbali.

Kwa tundu la sentimita 6, laza jiwe juu ya mfuko wa mchanga. Anza na tundu dogo la katikati lipite mpaka upande wa pili, ili lilinganishe nyuso mbili. Kwa kulifuata hilo, chora duara la sentimita 5 mbele na nyuma. Juu ya duara toboa vijitundu vya milimita 6, ukiacha milimita 3 kati ya kimoja na kingine. Vitafika 17 hivi. Nenda nusu ya kina tu, geuza jiwe, umalize upande wa pili. Kuta ndogo zilizobaki kati yao zikate kwa msumeno mwembamba, kisha panua kwa tupa ya mviringo hadi sentimita 6. Ukingo usiupunguze chini ya sentimita 1.5. Kungarisha: msasa 220, 400, 800, 1200, wote kwa maji, halafu nta ya nyuki.

Maji hayo ni kwa ajili ya mapafu yako pia. Vumbi la malakiti ni vumbi la shaba, ni sumu. Vaa barakoa na usile chakula kwenye meza ya kazi. Wala usisafishe kwa limau au siki, maana asidi hulila jiwe likatoa povu na mng'aro ukaisha.

Wanasema alivuta mawazo kwenye asili, lakini mimi sioni mti wala ndege. (Mwanafunzi wa sanaa)

Hutaviona. Baba yake alikuwa mhandisi wa jimbo, akizunguka naye kwa gari katika barabara za Yorkshire, na mtoto akazizoea zile nyanda na vilima kama miili inayopanda na kushuka. Agosti 1939, vita vikinukia, alihamia St Ives, kando ya bahari. Tazama Pelagos ya 1946: mti wa elmu uliochimbwa ukajikunja kama wimbi, ndani umepakwa rangi nyepesi, na nyuzi zimevutwa kutoka ukingo hadi ukingo. Alieleza kwamba nyuzi hizo ni ule mvutano aliousikia kati yake na bahari, upepo na vilima. Ni mahali palivyomshika mwili, na ndiyo maana sura ya mti haikumtosha.

Je, alichonga mbao za Afrika? Na mbona magogo yangu yanapasuka? (Seremala wa Kampemba)

Ndiyo. Mwaka 1954 alirudi kutoka Ugiriki, akiwa bado na majonzi ya mwanawe Paul aliyekufa mwaka uliotangulia, akapokea tani 17 za mti wa gwarea kutoka Nijeria, ukoo mmoja na mti ambao wauza mbao wa Kongo huuita bosé. Humo alitoa Corinthos na nyingine kadhaa, akichimba ndani na kupaka weupe.

Gogo zima hupasuka kwa sababu mbao husinyaa kuzunguka duara karibu mara mbili kuliko kuelekea moyoni, na nje hukauka wakati moyo bado umelowa. Ukichimba moyo mapema, mvutano unapungua. Siku ya kukata, paka nta au rangi ya mafuta kwenye vichwa vyote viwili. Inua gogo juu ya mbao, kivulini. Chimba kwa tezo uache kuta za sentimita 8 zilizo sawa, kisha ngoja. Kanuni ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 ya unene. Mwezi wa 6 hadi wa 9 huku kwetu hewa ni kavu mno, lifunike kwa gunia. Unga wa gwarea unawasha macho na pua.

Bronzi ya kusimama nje inahitaji shaba kiasi gani? (Myeyushaji wa Ruashi)

Mchanganyiko wa kawaida ni shaba sehemu 90 na bati 10. Sanamu huwa tupu ndani, unene wa milimita 5, kwa hiyo mita moja ya mraba ni kilo 44 hivi: shaba 39.6, bati 4.4. Bati litiwe mwisho, shaba ikiwa imeshayeyuka, lisiungue. Ukimwaga sanamu nzito isiyo na uwazi, katikati hupoa mwisho na kuacha mapango. Kalibu yenye unyevu hulipuka, hapo hakuna mjadala. Bronzi husinyaa karibu asilimia 2, basi ukitaka mita moja, ile sanamu ya nta ya kutengenezea kalibu ifanye ya sentimita 102. Hepworth yeye alijenga jasi juu ya wavu wa aluminiamu, akaichonga ikishakauka, ndipo ikapelekwa kwa wayeyushaji.

Kuhusu wezi: Desemba 2011 kazi yake Two Forms (Divided Circle) iling'olewa bustani ya Dulwich, London, na inaaminika iliibwa ikauzwe kama chuma chakavu. Shikilia sanamu yako kwa nondo za chuma kisichoshika kutu zilizozama ndani ya zege, kamwe si chuma cha kawaida: kikigusana na bronzi kwenye mvua, chuma ndicho kinacholiwa.