Kiporo cha Nyama Choma: Ninavyokipika Jumatatu Bila Ugali

Jumapili Nairobi ni siku ya mbuzi. Ukipita Kenyatta Market mchana, moshi wenyewe unakuita. Mnaagiza kilo tatu, ugali unawahi kuwashibisha, na karibu kilo nzima inarudi nyumbani imefungwa kwa karatasi. Jumatatu jioni ile nyama iko kwenye friji, ngumu, na hakuna anayejua la kuifanyia.

Mimi nililazimika kujua. Mwaka jana mume wangu alipimwa sukari ikawa juu, akaambiwa apunguze wanga, hasa usiku. Kwetu chakula cha usiku bila ugali hakikuwa chakula. Lakini unga wa mahindi una kama gramu 75 za wanga katika kila gramu 100, kabichi ina kama 6, na nyama choma haina wanga wa kuhesabu. Basi nikaanza kutafuta namna ya kabichi na kiporo kukaa mahali pa ugali, na mtu ashibe kweli.

Mara ya kwanza niliharibu. Niliitia nyama kwenye sufuria ya nyanya na maji, nikaiacha itokote karibu saa nzima nikidhani italainika. Ikawa kamba. Binti yangu alitafuna kipande kimoja hadi akakitoa mdomoni. Nyama ya choma imeshaachia maji yake juu ya makaa, na ukiitokosa kwa moto mkali inazidi kujikaza. Mbavu na mifupa ni habari nyingine. Hizo zichemshe polepole na tangawizi hata saa moja na nusu, upate supu nzuri. Mnofu wa paja unataka kisu kikali na dakika chache.

Kata nyama ikiwa bado baridi, maana ndipo inapokatika nyembamba. Kiweke kipande ubaoni ukitazame kwanza: utaona nyuzi zimelala upande mmoja kama mkonge. Ukikata kwa kuzifuata, unamwachia mlaji kazi ya kuzikata kwa meno. Zikatishe, kisu kikingame, na kila kipande kiwe chembamba kiasi cha kujikunja kikishikwa. Mafuta meupe yaliyoganda pembeni nayapunguza, nabakiza kidogo ya kukaangia.

Sasa karai. Naanza na kitunguu, saumu na tangawizi katika yale mafuta ya mbuzi, halafu nyanya tatu hadi zivunjike. Inaingia nusu kabichi kubwa iliyokatwa nyembamba, pilipili hoho mbili na shada la sukuma wiki. Nafunika dakika tano tu, kabichi isilainike sana, ibaki ya kutafunika. Nyama inaingia mwisho kabisa. Naigeuza hadi mvuke utoke na kila kipande kiwe moto hadi ndani, kama dakika nne, kisha dhania na ndimu. Chumvi usitie kabla ya kuonja, kwa sababu choma huja na chumvi yake.

Kinachomshibisha mume wangu ni nusu ya avokado pembeni. Watoto sijawanyima ugali, wanapata kipande kidogo au nduma, kwani wao wanakua na hawana shida ya sukari. Karai ni moja kwa wote, na hilo lilimsaidia sana, maana kula peke yako chakula cha mgonjwa kunavunja moyo. Ila kama mtu wako anadunga insulini au anameza dawa za sukari, ongeeni na daktari kabla ya kumwondolea ugali. Kwa baadhi ya dawa hizo sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Tena nakuomba sana, usingoje mabaki ya ubaoni. Pale mikono yote imepita, kachumbari imemwaga maji, na jua limepiga. Siku hizi namwambia mchomaji atenge nusu kilo ya paja kabla hajaanza kukatakata, aifunge kando. Naifikisha kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu itoke motoni, na ndani ya siku tatu imekwisha. Tukikaa hadi giza tukipiga gumzo na nyama iko mezani, siibebi, hata roho iniume vipi.

Nikiwa na nusu kilo hiyo, siitii yote karaini. Nabakiza ukufi mmoja kwenye friji, haujaguswa na moto tena. Jumanne asubuhi naukatakata laini, naukaanga na kitunguu hadi ukolee, napasulia mayai manne juu yake. Mume wangu anakula hayo na chai isiyo na sukari, na mkate hauulizi.