Kabla Hujanunua Pedi Nyingine, Ifungue Kalipa

Ukitoa pedi za breki ya mbele ukakuta moja imelika mpaka kwenye bati na nyingine bado nene, pedi hazina kosa. Nunua seti mpya leo, na muda si mrefu utaikuta hivyo hivyo. Kinachoumwa ni kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski: ama pini zake zimekauka, ama pistoni inanata. Hapa Moshi ugonjwa huu ni wa kila siku. Kiangazi tunakula vumbi la barabara za kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, masika tunapanda Uru na Kibosho kwenye tope, tukirudi mjini tunaosha pikipiki kwa mashine ya presha inayosukuma maji na mchanga mpaka ndani ya mipira ya kalipa. Halafu kesho yake tunateremka mlima tumepakia, na mkono haubanduki kwenye breki.

Ninayoeleza hapa nimeyafanya uani kwangu, kwa pikipiki yangu na za majirani. Kazi yenyewe haitaki gereji. Inataka kivuli, beseni safi, na mtu asiye na haraka ya kwenda popote siku hiyo. Boxer nyingi za bodaboda zina breki za viatu, siyo diski, mbele na nyuma, hizo hazimo kwenye mazungumzo haya. Nazungumzia breki ya diski yenye kalipa inayotelea kwenye pini mbili, aina inayokutwa kwenye pikipiki nyingi ndogo zenye diski mbele.

Kabla ya kushika spana, elewa jambo moja. Ukibana mkono wa breki, mafuta yanaisukuma pistoni, pistoni inaisukuma pedi, pedi inabana diski. Hilo kila mtu analijua. Sasa ukiachia, nani anairudisha pistoni? Ndani ya kalipa hakuna springi ya kazi hiyo. Anayeirudisha ni sili. Sili ya mafuta ni pete ya mpira yenye kona, siyo ya duara kama oringi ya kawaida, nayo imekaa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya kalipa huku imeikumbatia pistoni. Pistoni ikitoka, sili inajipinda kidogo kuifuata. Presha ikiisha, mpira unarudi kwenye umbo lake na kuivuta pistoni pamoja nao. Ni mwendo mdogo sana, haufiki hata milimita moja, lakini ndio unaoiacha diski izunguke huru.

Kalipa ni ya aluminiamu. Aluminiamu ikikaa na unyevu huota unga mweupe, na unga huo huganda chini ya mfereji, nyuma ya sili, mahali ambapo jicho halifiki mpaka sili itoke. Ukishajaa pale unaisukuma sili kwa ndani, sili inaikaba pistoni, na ule mchezo wa kujipinda na kurudi unakufa. Breki inaanza kushika yenyewe. Diski inapata moto, pedi zinakwisha, mafuta ya petroli yanaliwa bure.

Ndiyo maana kubadilisha sili bila kusafisha mfereji ni kutupa hela. Kijana mmoja wa kijiweni kwetu aliniletea pikipiki yake akilalamika, "Kaka, hii nimebadilishiwa sili mwezi uliopita tu, mbona inashika tena?" Nikamuuliza kama fundi alisafisha mfereji. "Mfereji gani?" Sikuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Anza kwa kupima. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mtu aikalie nyuma ili tairi la mbele linyanyuke. Zungusha tairi kwa mkono. Bana breki, achia, zungusha tena. Likizunguka zito kuliko mwanzo, kuna kinachonata. Kisha fungua bolti mbili zinazoshika kalipa kwenye shokapu, itoe kwenye diski, na uisogeze huku na huku kwenye pini zake. Inatakiwa itelee kwa nguvu ya vidole. Pedi iliyolika mshazari, juu nene na chini nyembamba, mara nyingi inakuelekeza kwenye pini, na ikiwa ni pini tu umepona, kwa sababu hutagusa mafuta kabisa. Chomoa, futa grisi ya zamani iliyogeuka lami, sugua kutu nyepesi kwa msasa laini, angalia kama vikofia vya mpira havijapasuka, kisha paka grisi ya silikoni inayostahimili joto. Paka kiasi. Ukiijaza, inafungia hewa kwenye tundu na pini haitaingia mpaka mwisho.

Sasa tuseme ni pistoni. Watu wengi hapa hukimbilia kufungua mpira unaoleta mafuta ya breki kwenye kalipa, halafu wanabaki na kalipa mkononi na pistoni isiyotoka. Usifungue mpira bado. Tumia breki yenyewe kuitoa. Toa pedi, safisha sehemu ya pistoni inayoonekana kwa mswaki na mafuta ya breki, weka kipande cha mbao kati ya pistoni na upande wa pili, kisha bana mkono wa breki taratibu huku unaangalia kikopo cha mafuta ya breki kule juu kisikauke. Kalipa ikiwa na pistoni mbili, moja itatoka mbio na nyingine itagoma. Ile ya mbio izuie kwa mbao na klampu, presha yote ihamie kwa mgomvi. Zikishatoka kiasi cha kushikika kwa vidole, hapo ndipo ulegeze bolti ya mpira. Weka beseni chini.

Kuna wanaotumia upepo wa kompresa ya kujazia tairi. Unafanya kazi, sikatai, lakini pistoni hutoka kwa kishindo na kidole kikiwa njiani hakitabaki kama kilivyokuwa. Ukilazimika, kalipa iangalie chini, funga tambara nene, weka mbao ndani, na upepo uwe mdogo. Koleo nalo liweke mbali. Meno yake yakiikwaruza pistoni pale inapopita kwenye sili, pistoni hiyo ni ya kutupa.

Kila pistoni ina sili mbili: ya ndani ni ya mafuta, ya nje ni ya kuzuia vumbi. Kabla hujazitoa angalia zilivyokaa, kwa sababu baadhi ya sili ni nene upande mmoja kuliko mwingine. Zitoe kwa kijiti, siyo bisibisi. Halafu ndiyo ifike kazi yenyewe, kusafisha mfereji.

Mimi natumia waya wa shaba wa umeme. Nauvua plastiki, nauponda ncha kwa nyundo ukawa bapa, naukunja kama ndoana ndogo. Shaba inakwangua unga bila kuchonga kingo za mfereji jinsi sindano ya chuma inavyoweza kufanya. Unaipitisha kuzunguka mfereji, pole pole, na unga unatoka kwanza kama chokaa iliyolowa, kisha kwa vigamba vidogo vikavu. Usiridhike ukiona sakafu ya mfereji inang'aa. Kona mbili za chini ndizo zinazoficha vigamba vigumu, na unavitambua kwa mkono kabla ya jicho: waya unaruka kidogo pale ulipopita. Rudia mpaka uzunguke mzima bila kuruka. Mimi hutumia muda mwingi hapa kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa, na jirani akipita akaniuliza bado tu, namjibu bado tu.

Magadi ya kutengenezea sabuni usiyasogeze. Nimesikia ushauri wa kulowekea kalipa humo ili itakate. Yanatafuna aluminiamu, na utakuwa umepanua matundu ambayo hayarudi.

Petroli nayo ni adui hapa, na kwa hili nitabishana na fundi yeyote. Najua ndiyo inayooshea kila kitu gereji. Mipira ya breki hizi imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki tu. Ukiigusisha petroli, dizeli, oili, grisi ya kawaida, hata Vaseline, inavimba na kulainika. Leo itafanya kazi, baada ya muda pistoni itashika kuliko ulivyoikuta. Kalipa ioshe kwa maji na sabuni ya unga, suuza sana, ikauke kabisa juani, kisha umalizie kwa spirit au spreyi ya kusafishia breki kabla hujarudisha mpira wowote. Na yule anayekuambia mafuta ya stelingi yanafaa kwenye breki kwa kuwa "yote ni haidroliki", muache ajaribu kwenye ya kwake.

Pistoni ziangalie kwenye mwanga. Doa la kutu la juu juu, sehemu inayobaki nje ya sili, linaondoka kwa msasa wa maji laini sana, namba 1000 kwenda juu. Vishimo, au kromu iliyobanduka pale sili inapopita, havina dawa. Nunua pistoni. Ukiona ufa kwenye kalipa au nyuzi za bolti zimekwisha, weka chini vifaa na utafute kalipa nyingine. Diski nayo usiisahau: nyingi zimeandikwa unene wa mwisho ubavuni, kwa herufi MIN TH. Ikishapungua hapo, sili mpya hazitakuokoa.

Kufunga ni kuzuri ukiwa umesafisha vizuri. Sili mpya zilowe kwenye mafuta safi ya breki, zikae kwenye mfereji bila kujikunja. Pistoni nayo ipake mafuta hayo hayo, iweke wima, isukume kwa vidole gumba viwili. Itaingia kwa ukinzani laini, sawa pande zote. Ukijikuta unatafuta nyundo, itoe uanze tena. Upande wenye shimo uangalie pedi. Pete (washa) za pale mpira unapofungwa weka mpya kila mara. Ni za bei ndogo sana, na ndizo zinazovuja kwa watu wanaobana matumizi. Pedi zilizomwagikiwa mafuta tupa. Wapo wanaozichoma moto ili mafuta yatoke. Mimi breki ya kuchoma siipandi.

Mafuta nunua chupa iliyofungwa. Soma kifuniko cha kikopo cha pikipiki yako kinasema nini, DOT 3 au DOT 4, uweke hiyo. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Mafuta haya hunywa maji kutoka hewani, na maji hushusha kiwango chake cha kuchemka: DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selisiasi, lakini ikishanywa maji kidogo tu, chini ya asilimia nne, kiwango kinachodaiwa kinashuka mpaka 155. Kwenye tambarare huenda usijue. Kwenye mteremko wa kutoka Kibosho, diski ikishapata moto, mafuta yaliyonywa maji yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabanika: mkono wa breki unafika kwenye grip na pikipiki haijapunguza kitu. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama hakuna kilichovuja, na ndiyo maana chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa stoo siyo akiba. Rangi ya tangi ilinde pia. Likidondoka tone, mwaga maji hapo hapo.

Kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta, kila mtu ana mtindo wake. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani kutoka kwenye nipo, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa, ncha yake ndani ya chupa yenye mafuta. Bana, fungua nipo robo mzunguko, funga, ndipo uachie. Kikopo kisikauke katikati. Ukiona mkono bado laini baada ya viputo kwisha, ufunge kwenye grip kwa mpira wa tyubu na uache mpaka asubuhi. Viputo vilivyojificha karibu na masta, ile pampu ya breki iliyo kwenye usukani, hupata nafasi ya kupanda juu. Nipo ni laini, usiikaze kama bolti ya injini. Ikikatika ndani ya kalipa, siku yako imeisha.

Halafu bana breki mara kadhaa pikipiki ikiwa imesimama, kabla hujaipanda, ili pistoni zisogee zikutane na pedi. Jaribio la kwanza lifanyie barabara tambarare isiyo na watu, siyo kushuka Old Moshi. Punguza mwendo bila kusimama kabisa, achia ipoe, rudia tena na tena mpaka pedi mpya zizoeane na diski. Angalia kama hakuna unyevu kwenye nipo na kwenye bolti ya mpira. Kisha tembea kidogo ukitumia breki ya nyuma peke yake, simama, na dondoshea maji kidogo kwenye diski ya mbele. Yakitiririka tu, iko huru. Yakichemka, kuna kinachonata bado, na kabla hujaigusa tena pistoni rudi kwanza kwenye zile pini.