Siku tano Munich na bibi na watoto, twende wapi na tukate tiketi gani?

SWALI: Shikamoo kaka. Tunatoka Arusha, mimi, mume wangu, mama yangu (miaka 68, goti linamsumbua) na watoto wawili, wa miaka 8 na 4. Tunatua Munich Alhamisi tarehe 22 Oktoba mchana, tunaondoka Jumanne 27 jioni. Tunataka kasri la Neuschwanstein, Salzburg, Zugspitze, na mume wangu anataka Berlin hata siku moja tu. Tubuku hoteli wapi na wapi? Na kuna tiketi moja ya treni ya kutumia kote au tunakata kila safari?

JIBU: Marahaba dada. Shemeji anisamehe ila Berlin itoke. Kutoka Munich ni treni ya kasi ya ICE, kama saa nne kwenda na nne kurudi, yaani mtu mzima ataona geti la Brandenburg na mtoto wa miaka 4 ataona kiti cha mbele yake.

Hoteli moja tu, Munich, karibu na stesheni kuu ile inayoandikwa Hauptbahnhof au Hbf, mnatoka asubuhi mnarudi jioni. Mkihamahama na mabegi, kila mkihama nusu siku imeenda.

Tiketi mnayoitafuta inaitwa Bayern-Ticket. Ni ya siku moja, inabeba mpaka watu watano, ila ninyi mnalipia watu wazima watatu tu maana watoto wa umri huo wanapanda bure pamoja nanyi, bei inaongezeka kidogo kidogo kwa kila mtu mzima lakini bado ni nafuu kuliko kila mtu kukata yake. Inapanda treni zote za mikoa ndani ya jimbo la Bayern, na mjini Munich inapanda pia S-Bahn (treni za vitongoji), U-Bahn (treni za chini ya ardhi), tramu na mabasi, na inafika mpaka stesheni kuu ya Salzburg japo pale ni Austria. Haipandi treni za masafa marefu, yaani ICE, IC, EC wala Railjet, na hapa ndo wageni wengi wanapigwa faini ya euro 60, kwa sababu kwenye ubao utaona treni mbili zinaenda Salzburg, moja ya mkoa na nyingine Railjet inayowahi zaidi, mtu anaruka kwenye ile ya haraka. Majina yenu yaandikwe kwenye tiketi kabla hamjapanda. Deutschlandticket, ile ya nchi nzima, achaneni nayo, ni ya mtu mmoja mmoja halafu ni ya kujiunga kwa mwezi, ukisahau kuifuta mapema wanaendelea kukukata ushafika Arusha.

Sasa kitu kinachoamua ratiba yenu nzima: siku za kazi Bayern-Ticket inaanza kutumika saa tatu kamili asubuhi, wikiendi inaanza usiku wa manane. Kwa hiyo safari ya kuwahi iwekeni Jumamosi, na ya kuwahi kwenu ni moja tu, Neuschwanstein. Kasri hilo huingii kwa kuzunguka mwenyewe, unaingia na kundi kwa dakika iliyoandikwa kwenye tiketi, ukichelewa basi, na kuanzia tarehe 16 Oktoba wanafungua saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni tu. Treni Munich mpaka Füssen ni kama saa mbili, kisha basi la dakika chache mpaka kijiji cha Hohenschwangau, kisha kilima cha dakika 30 mpaka 40 kwa miguu. Mama asipande kilima hicho. Kuna farasi wanaovuta gari ila wanamshusha chini kidogo ya kasri na bado anapanda, kuna na basi dogo linalowashusha karibu na daraja la Marienbrücke halafu mnateremka, sasa nyie mnaojua magoti mnajua kuteremka nako kuna kazi yake. Mimi ningechukua farasi, taratibu. Mkiondoka Munich saa moja asubuhi, kateni nafasi ya saa tano na nusu. Mfalme Ludwig wa Pili alianza kulijenga 1869, akafa 1886 hata halijaisha, na ndani mnatembezwa nusu saa hivi bila kupiga picha, kwa hiyo picha zenu zote ni za nje.

Halafu someni saa vizuri! Nishawahi kuwa na familia ina tiketi imeandikwa 10:30, baba akaisoma saa kumi na nusu, wakawa wanakula soseji kwa raha zao mpaka mchana. Wajerumani wakiandika 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi.

Salzburg iwe Ijumaa. Msiiweke Jumatatu kwa sababu 26 Oktoba ni sikukuu ya taifa ya Austria, maduka yamefungwa. Bebeni pasipoti zenye viza, sio kopi na sio picha kwenye simu, maana wakati wa kurudi polisi wanaweza kukagua mpakani Freilassing. Bayern-Ticket haipandi mabasi ya mjini Salzburg. Juu ya ngome ya Hohensalzburg kuna kitreni cha kupanda mlima, mama atafika. Treni za mikoa za Salzburg mara nyingi zinatokea majukwaa 5 mpaka 10 pembeni kabisa mwa stesheni ya Munich, ongezeni dakika kumi za kutembea.

Jumapili maduka yamefungwa na usiku wa kuamkia siku hiyo saa zinarudishwa nyuma saa moja, jua linazama saa kumi na moja jioni. Kaeni Munich, makumbusho ya michoro ya Alte Pinakothek siku hiyo kiingilio ni euro 1, na shemeji aende zake Dachau kwa S-Bahn ya S2 na basi 726, kambi ya mateso ya Wanazi ya 1933, kuingia bure, watoto msiwapeleke.

Jumatatu acheni wazi. Amkeni, fungueni kamera ya mtandaoni ya Zugspitze, kukiwa kweupe nendeni Garmisch, mji ulio chini ya mlima huo. Ni mita 2,962, kwa watu wa Arusha sio mlima wa kushangaa, na nauli ya kupanda juu ni kubwa na iko nje ya Bayern-Ticket, ya nini kulipia ukungu? Kukiwa na wingu nendeni ziwa Tegernsee, safari ya saa moja tu, ila hiyo treni inakatwa njiani Holzkirchen na tena Schaftlach, kila behewa na njia yake, angalieni limeandikwa Tegernsee kabla hamjakaa.

Tiketi ya kasri kateni usiku huu. Zile za treni hata asubuhi ya safari haziishi.