Makro ya mtumba, picha zote blari: shida ni lenzi ama ni mimi?

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mwalimu wa praimari hapa Kisumu, mambo ya picha nafanya wikendi tu. Nimenunua lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, mtumba, Canon 100mm f/2.8 USM, ile haina stebilaiza, naiweka kwa body ndogo ya Canon yenye sensa ya krop, ile ndogo. Jumamosi asubuhi huwa naenda Dunga, kando ya ziwa, kupiga kereng'ende kwa mafunjo. Kila picha ni jicho tu liko klia ama kipande cha bawa, hiyo ingine yote ni ukungu. Kuna mtu aliniambia nifunge apacha (kile kitundu cha mwanga, namba ikiwa kubwa kitundu ni kidogo) mpaka f/32 ndio mdudu wote aonekane, nikafunga, sasa picha imekuwa laini yote na giza juu. Otofokasi nayo inaenda inarudi, inaenda inarudi, mpaka mdudu anaruka. Nimeuziwa lenzi mbovu? Ninunue ring laiti? Na hii filta ya UV iliyokuja nayo niiache mbele ama nitoe?

JIBU: Salama mwalimu. Hayo yote umeeleza ndivyo makro yoyote inavyofanya hata ikiwa mpya kwa boksi, kwa hivyo usianze kumpigia muuzaji simu. Lakini mtumba ni mtumba, ipime kwanza tumalize hiyo hofu.

Chukua shilingi kumi ya siku hizi, ile ya simba, ilaze mezani karibu na dirisha, kamera kwa traipodi iangalie chini wima kabisa, f/8, ISO 100 (wepesi wa sensa kushika mwanga), taima ya sekunde 2 ndio usiitikise na kidole. Washa skrini ya nyuma, zumu mara 10 kwa jicho la simba, zungusha fokasi kwa mkono mpaka uone mikwaruzo midogo ya chuma, piga. Ukiona mikwaruzo hiyo kwa picha imekatika vizuri katikati na pembeni pia haiko mbaya, lenzi ni nzima. Halafu weka rula badala ya shilingi, sogea karibu mpaka lenzi ikatae kwenda zaidi, hesabu milimita zinazoingia kwa picha kwa upana. Kwa sensa yako zinafaa kuwa kama 22, maana 1:1 ni kwamba kitu kinaangukia sensa kwa saizi yake ile ile na sensa yenyewe ina upana huo. Ukipata nyingi sana kushinda hapo, angalia swichi ya umbali ubavuni mwa lenzi, pengine iko upande wa 0.48 (mita) na hapo haiwezi kuja karibu. Irudishe kwa FULL.

Sasa twende kwa shida yenyewe. Ukiwa 1:1 na body ya krop, kwa f/8, sehemu inayokuwa klia kutoka mbele kwenda nyuma ni kama milimita 0.6. Sifuri nukta sita! Jicho la kereng'ende pekee ni nene kushinda hapo, kwa hivyo ukipiga uso wake moja kwa moja utapata ngozi ya juu ya jicho basi, na hakuna fundi duniani atakupatia zaidi kwa shoti moja. Ukifunga mpaka f/16 unafika kama milimita 1.2, f/32 mbili na kitu, na ndio maana rafiki yako alikwambia hivyo, hesabu yake si uongo, ni vile hakumalizia. Lenzi ikija karibu hivyo inapoteza mwanga, kwa 1:1 ni stopu 2 hivi (kila stopu ni mwanga kupungua nusu), yaani f/32 unayoona kwa skrini inafanya kazi kama f/64. (Nikon huonyesha hiyo namba ya kweli inavyobadilika, Canon haikwambii kitu, inakaa tu na 32 yake.) Kitundu kikiwa kidogo namna hiyo mwanga unapinda kwa ukingo wake na kutawanyika, kila nukta inakuwa doa, picha nzima inalainika na hakuna programu itairudisha. Kwa body yako mimi singepita f/11 nikiwa 1:1, f/16 kwa shida sana.

Sasa hapa ndio ningependa usome mara mbili, maana watu wakishanunua makro wanadhani ni lazima waende 1:1 kila saa ndio pesa yao irudi. Kereng'ende mzima haingii kwa 1:1, milimita 22 ni kichwa na kifua kidogo tu. Ukimtaka wote na mabawa rudi nyuma mpaka kama 1:3, yaani anaangukia sensa kwa theluthi ya saizi yake, iko imeandikwa kwa kile kidirisha cha juu ya lenzi, na hapo f/8 ile ile inakupa karibu milimita tatu na nusu. Hata 1:2 inakupa karibu 2. Umeona? Kurudi nyuma kidogo kumekupa kuliko f/32 na picha bado iko kali, ukitaka kichwa kiwe kikubwa utakata baadaye kwa kompyuta.

Kingine ni pembe. Hiyo sehemu klia ni bapa, iko sambamba na sensa yako, kwa hivyo kazi yako ni kumlaza mdudu juu yake. Kereng'ende akikaa kwa ncha ya funjo na mabawa yake yametandazwa, kumpiga kutoka mbele ni kupoteza picha. Zunguka polepole mpaka uwe ubavuni, mgongo wa kamera uende sambamba na mwili wake kuanzia jicho hadi mkia, hapo jicho, kifua na mkia vyote vinaingia kwa ile milimita tatu na mabawa yanaenda ukungu yenyewe, na mtu akiona picha halalamiki kwa sababu anaangalia jicho. Ukitaka mishipa ya mabawa iwe klia basi panda juu umpige kutoka mgongoni. Ni moja ama ingine, zote mbili hupati. Na akiruka usimkimbize. Wengi wao wana kituo, wanazunguka na kurudi kwa funjo lile lile, we kaa hapo hapo na kamera iko tayari usoni. Nenda mapema pia, kabla jua halijapanda, mdudu akiwa na baridi na umande juu yake haendi mahali. Wako wanaotia wadudu friji ndio watulie, mimi hiyo siikubali, amka tu mapema.

Otofokasi zima. Kwa karibu hivyo wewe mwenyewe unapumua unasonga zaidi ya milimita moja, kamera ikishapata fokasi umeshatoka hapo. Weka MF (fokasi ya mkono), zungusha ringi ya fokasi hadi kipimo unachotaka, iwe 1:2 ama 1:3, halafu usiiguse tena. Fokasi ni mwili wako: piga goti, viwiko vikae kwa mbavu, yumba mbele taratibu sana, jicho la mdudu likianza kukatika bonyeza shoti nne tano mfululizo ukiendelea kuyumba. Nyingi utafuta. Ni kawaida, kadi haina gharama.

Giza lako dawa yake ni flashi ya kawaida. Ring laiti usinunue, yale ya LED ni ya video za TikTok, mwanga wake ni mdogo kwa f/11 na yanaacha duara jeupe ndani ya jicho la mdudu kama donati. Tafuta spidlaiti (flashi ya kuweka juu ya kamera) hata ya mtumba, kamera kwa M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata 1/200, f/11, ISO 400, flashi anza na nguvu 1/16 kisha panda ama shuka. Kwa nguvu ndogo hivyo mmuliko wake ni mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, kwa hivyo ndio unagandisha mdudu na mkono wako unaotetemeka, si shata. Mbele yake lazima uweke kitu cha kulainisha, ile foam nyeupe nyembamba inayofunika TV mpya ni nzuri sana, ama karatasi ya tracing ya stationery, ikunje iwe pana na ilete karibu na mdudu vile unaweza bila kumgusa. Ikiwa ndogo ama mbali, mgongo wa mdudu unang'aa vidoa vyeupe vibaya. Ukiona nyuma kumekuwa cheusi ti ni kwa sababu mwanga wa flashi haufiki huko, tafuta funjo ama jani lililo karibu nyuma yake, au panda ISO 800.

Kushikanisha picha nyingi za fokasi tofauti kwa Photoshop ama Helicon Focus tuache kwanza, hiyo ni ya vitu havitembei, anza na maua mezani ndani ya nyumba.

Filta ya UV toa. Ni kioo kingine mbele ya lenzi nzuri, na za bei rahisi zinaleta ukungu ukipiga kuelekea jua. Hudi (ile kinga ya jua mbele ya lenzi) pia itoe ukiwa 1:1, kwa lenzi hii mdudu anakuwa kama sentimita 15 tu kutoka kioo cha mbele na hudi inamziba mwanga wa flashi. Ukipanda boda kurudi mjini rudisha kifuniko. Na zile siku wadudu wa ziwa wanakuja kama moshi, karibu na mwezi mwandamo, hapo Dunga usibadilishe lenzi nje, wataingia hadi kwa sensa.